Kuuza mtandaoni kwa biashara ndogo: mwongozo kamili, kuanzia namba ya simu hadi mzigo kumfikia mteja

Fungua Instagram, tafuta viatu, mapazia au unga wa lishe, kisha soma maoni yaliyo chini ya picha. "Bei?" "Bei gani dada?" "Naomba bei." Jibu la mwenye duka karibu kila mara ni moja: njoo DM, yaani kwenye ujumbe wa faragha. Anayekwenda huko anakaa nusu siku bila kujibiwa, na anapojibiwa ameshanunua kwa mwingine. Duka lina picha nzuri, lina wafuasi maelfu, na mwisho wa mwezi mwenyewe analalamika kwamba mtandao haulipi.

Mteja anayekuona kwenye simu ana maswali manne: ni bei gani, je bidhaa ni kama ilivyo pichani, itanifikiaje, na nikituma hela nitapata mzigo kweli? Dukani Kariakoo anayajibu mwenyewe kwa kushika, kupima na kulipa mkononi. Mtandaoni hawezi, kwa hiyo kila kitu utakachokiweka huko kina kazi moja, kumwondolea shaka. Nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata maswali hayo. Mfano nitakaoutumia ni wa fundi wa makobazi ya ngozi mwenye kibanda Dar es Salaam, simu janja moja na msaidizi mmoja. Kama unauza sabuni, keki, vitenge au unashona magauni, hatua ni zilezile.

Anza na laini

Kabla ya programu yoyote, tafuta laini ya biashara na uisajili kwa kitambulisho chako mwenyewe na alama zako za vidole. Laini nyingi za biashara zina jina la shemeji, la mfanyakazi aliyeshaondoka, au la mtu asiyejulikana kabisa. Siku simu ikiibiwa, kuirudisha namba inakuwa kazi kubwa kwa sababu mwenye jina hapatikani. Kwa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda dukani kwa kampuni ya simu iondolewe.

Ukishaipata, usiibadilishe. Iandike kwenye kibao, kwenye mifuko, kwenye risiti na ubavuni mwa boksi. Iwekee vocha hata miezi biashara ikiwa ngumu, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba yake hupewa mtu mwingine, wakati wateja wako bado wameihifadhi kwa jina la duka lako.

WhatsApp Business, uijaze hadi mwisho

Programu hii ilitoka mwaka 2018, ni ya bure, na inaweza kukaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida mradi kila moja ina namba yake. Wengi wanaipakua, wanaweka nembo na kuishia hapo.

Jaza kwanza wasifu: jina la biashara, saa za kazi, na mahali ulipo kwa maelekezo ambayo bodaboda ataelewa. "Sinza, Dar es Salaam" haimsaidii mtu. Andika barabara, kituo cha daladala, jengo linalojulikana na rangi ya mlango.

Kisha katalogi. Inabeba hadi bidhaa 500, lakini fundi wetu anahitaji kumi na tano tu kuanzia. Kila moja iwe na picha, bei, na maelezo yanayojibu yale yanayoulizwa kila siku: ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi, soli ya nini, saizi zilizopo, rangi zilizopo. Mteja akiuliza "mna nini?", unamtumia katalogi nzima kwa mguso mmoja, badala ya kumrushia picha thelathini zinazomalizia bando lake.

Majibu ya haraka ndiyo yatakayokuokolea muda kuliko yote. Unaandika jibu mara moja, unalipatia neno fupi, na baadaye ukiandika mkwaju (/) na neno hilo, jibu lote linajitokeza. Fundi atengeneze manne: /bei, /saizi, /mkoa na /lipa. Hili la mkoa, kwa mfano:

"Ndiyo, tunatuma mikoani kwa basi. Ukilipa kabla ya saa 6 mchana, mzigo unapelekwa ofisi ya basi siku hiyohiyo, na utapata picha ya risiti. Gharama ya kusafirisha tutakuambia kabla hujalipa. Tafadhali tuandikie jina lako, mkoa na namba ya simu itakayopokea."

Soma jibu lako kwa sauti kabla ya kulihifadhi. Kama linasikika kama tangazo la kituo cha mabasi, lilainishe. Na usiache kusalimia. Mteja aliyeanza na "shikamoo" au "habari za leo" akajibiwa kwa bei tupu anahisi amesukumwa mlangoni.

Lebo, yaani alama za kupanga mazungumzo ya wateja, nazo wengi hawazigusi, ilhali ndizo zinazozuia hela kupotea. Tumia nne: "Ameuliza", "Anasubiri saizi", "Amelipa, hajatumiwa" na "Ametumiwa". Kila jioni kabla ya kufunga, fungua "Amelipa, hajatumiwa". Pasiwe na mtu aliyelala humo bila kuambiwa kwa nini. Kisha fungua "Ameuliza" na uwaandikie wawili watatu walionyamaza: "Dada, kobazi la kahawia namba 38 uliloulizia bado lipo. Nikuwekee?" Sehemu kubwa ya mauzo ya biashara ndogo imelala hapo, kwa watu walioulizia kitu wakavutwa na mambo mengine.

Tahadhari moja kuhusu ujumbe wa kujibu wenyewe. Ukiweka "tutakujibu hivi punde", jibu hivi punde. Kama jioni hujibu, andika wazi: "Tumefunga, tunarudi saa 2 asubuhi." Msaidizi pia anaweza kujibu kwa simu yake au kompyuta bila kushika simu yako, kwa kuwa WhatsApp inaruhusu kuunganisha hadi vifaa vinne vingine. Akiacha kazi, kiondoe kifaa chake siku hiyohiyo.

Stetasi, na orodha ya ujumbe

Kwa Tanzania, stetasi ya WhatsApp ni dirisha la duka lisilolipiwa kodi. Wanaoiona ni watu waliokwisha kuhifadhi namba yako na wewe umehifadhi yao, yaani wanaokufahamu tayari. Weka picha tatu au nne kwa siku, si arobaini. Mtu akiona vistari vyembamba vimejipanga juu ya skrini anapita. Changanya: kobazi jipya na bei yake, mkono wa fundi ukikata ngozi, boksi lililofungwa tayari kwenda Mwanza. Hilo la boksi lipe nafasi kila wiki, kwa sababu linajibu swali la nne bila wewe kuapa.

Orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi huchukua watu 256, nao huupokea tu kama wamehifadhi namba yako. Kwa hiyo kila anaponunua mtu, mwombe: "Hifadhi namba yetu, mzigo mpya ukiingia utaona." Kuhusu magrupu, usimwingize mteja kwenye grupu bila kumuuliza. Unagawa namba yake kwa wageni wote waliomo humo, na akina mama wengi wameanza kusumbuliwa kwa njia hiyo.

Bei iandikwe

Hapa nasimama kwa makusudi, maana ndipo wafanyabiashara wengi wananibishia. Wanasema mshindani ataiona bei. Mshindani anaweza kukuandikia kwa namba nyingine akijifanya mteja na ukampa bei hiyohiyo kwa dakika moja. Unayemficha kweli ni mteja mwenye aibu, yule asiyetaka kuuliza halafu agundue hana uwezo, na mteja mwenye haraka. Wote wawili wanaondoka kimya na hutajua kamwe kwamba walipita.

Wengine wanasema bei inategemea saizi au oda. Basi andika bei ya kuanzia na kinachoipandisha: "Kuanzia 35,000. Juu ya namba 43 ongeza 5,000. Jina lako kwenye mkanda, 3,000." Mtu akisoma hivyo anajipigia hesabu mwenyewe, na anapokuja kuandika anakuwa ameshaamua. Kama unaruhusu kupunguziana, jiwekee kiwango chako kichwani na uwe nacho kwa kila mtu. Mtandaoni watu hutumiana skrinshoti, na mteja aliyelipa 35,000 akiona rafiki yake amelipa 28,000 humpati tena.

Picha inayojibu maswali

Simu ya kawaida inatosha. Kinachoharibu picha nyingi ni taa ya bomba usiku, inayoigeuza ngozi ya kahawia kuwa njano, na siku mteja akiipokea anasema ametapeliwa. Piga saa 3 asubuhi au saa 10 jioni, kwenye kivuli karibu na mlango, ukiwa umeipa mgongo nuru. Tandika mkeka au kitambaa cha rangi moja. Futa lenzi kwa shati kwanza. Mikono ya kazi huacha mafuta.

Kila kobazi lipigwe picha tano: jozi kutoka juu, ubavu, soli, mshono kwa karibu sana, na likiwa mguuni. Ya mshono ndiyo inayouza. Mnunuzi wa ngozi anaangalia kama uzi umebana na kama gundi imevuja pembeni, kwa hiyo mpe nafasi ya kuikuza hadi aridhike. Ya tano iwe kwenye mguu wa mtu halisi, mwenye vumbi lake, kwa sababu inaonyesha mkanda unakaa wapi.

Kwa saizi, namba peke yake haitoshi, kwani namba 40 ya fundi mmoja si ya mwingine. Weka kobazi juu ya rula na umpe mteja maelekezo: asimame juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, aweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi, apime kwa sentimita, akutumie. Maelekezo hayo yawe kwenye /saizi. Viatu vingi vinavyorudishwa vinarudi kwa sababu ya saizi, na nauli ya kurudisha mzigo kutoka Mbeya inakula faida yote.

Usichukue picha za mitandao ya Uchina au Uturuki ukauza kitu kingine. Kama ni picha ya mtu mwingine kwa oda ya kutengeneza, sema hivyo.

Mtandao mmoja wa kijamii, kwanza

Huna muda wa kuendesha minne. Chagua kwa kuangalia wanunuzi wako wako wapi na wewe unaweza kufanya nini. Instagram inafaa bidhaa za kutazamwa: mavazi, keki, samani. Facebook bado ina nguvu kwa watu wazima na kwa magrupu ya mitaa na mikoa, pazuri kwa fundi bomba, mbegu, vifaranga. TikTok hukuonyesha kwa watu wasiokufuata kabisa, na huko kazi ya mikono inapendwa: fundi akikata ngozi, akipiga patasi, akisugua mafuta, kwa sekunde ishirini bila maneno mengi.

Popote ulipo, geuza akaunti iwe ya biashara, ni bure, na utaona takwimu za nani anakutazama na saa ngapi. Kwenye wasifu weka kiungo cha kukufikisha WhatsApp moja kwa moja: wa.me/ ikifuatwa na namba yako yenye 255 mbele, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri. Kwa Kenya ni 254, kwa Uganda 256. Kijaribu kwa simu ya jirani.

Usinunue wafuasi. Namba zinapanda, lakini hao si watu, hawanunui, na programu ikiona wafuasi wako hawagusi chochote inaacha kukuonyesha hata kwa wale wa kweli.

Jumia, duka kubwa la mtandaoni, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na watu hawakuacha kununua kwa simu. Waliendelea kununua kwenye kurasa za watu wanaowaandikia na kujibiwa. Ukubwa wa duka haukuwa kizuizi kwa mwenye kibanda.

Ongeza na Ramani za Google, ambazo wengi hawazifikirii. Wasifu wa biashara huko ni bure. Google wataomba uthibitisho, mara nyingi kwa video inayoonyesha kibao, barabara na ndani ya duka. Ukikamilisha, mtu akitafuta "makobazi" akiwa mtaa wa pili anakuona, na bodaboda anapelekwa hadi mlangoni.

Malipo

Chukua Lipa Namba yenye jina la biashara. Sababu kubwa ni jina: mteja akiweka namba ya malipo, jina hujitokeza kabla hajathibitisha. Akiona jina la duka aliloliona Instagram, anabonyeza. Akiona jina la mtu asiyemjua, anasita, na wengi hawarudi. Ndiyo faida ya haraka ya kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na kuwa na TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, ambayo hutolewa bila malipo. Mfumo wa TIPS wa Benki Kuu ya Tanzania unaunganisha mitandao na benki, hivyo mteja wa Airtel Money anaweza kulipa Lipa Namba ya mtandao mwingine. Wenzetu Kenya wanatumia Till ya Lipa na M-Pesa, au Pochi la Biashara kwa wadogo kabisa.

Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa meseji. Meseji ya kughushi inatengenezwa kwa dakika, na skrinshoti ni rahisi zaidi. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu, hata kama aliyesimama mbele yako ni mtu mzima mwenye heshima zake. Mfundishe msaidizi aseme kwa adabu: "Samahani mama, mtandao unachelewa kidogo, nasubiri ithibitike kwangu."

Kwa wateja wa mjini unaweza kukubali walipe wakipokea. Wa mikoani walipe kabla. Kwa oda maalumu, kobazi lenye jina au saizi isiyo ya kawaida, chukua advansi ya nusu, kwani mteja akighairi huna wa kumuuzia.

Mzigo ufike

Mjini, tafuta bodaboda wawili unaowaamini na uwe na namba zao. Mteja aambiwe nauli kabla ya mzigo kuondoka, si mlangoni kwake.

Mikoani, fungasha kwa boksi gumu, ndani weka mfuko wa nailoni dhidi ya mvua. Andika kwa kalamu nene jina la mpokeaji, simu yake, mkoa na kituo atakachopokelea, na simu yako. Andika pande mbili, maana boksi huegemezwa upande wowote. Ofisini chukua risiti, omba namba ya gari na simu ya ofisi ya kule mzigo unakokwenda. Piga picha vyote pamoja na boksi, umtumie mteja palepale. Asubuhi basi linapofika, mwandikie wewe kwanza: "Habari za asubuhi kaka, basi limeshafika, mzigo unaweza kuuchukua." Mteja aliyetuma 40,000 kwa mtu asiyemwona halali vizuri usiku huo, na meseji hiyo ndiyo itakayomfanya awaambie wenzake kazini.

Tangazo la kulipia, baadaye

Ukilipia tangazo kabla ya kuweka bei, picha na majibu sawa, unalipa ili watu wengi zaidi wakuone usivyojibu. Yakishakuwa sawa, chagua chapisho ambalo lenyewe limeuliziwa sana, weka kiasi kidogo, chagua mji unaoweza kuuhudumia, na tangazo limpeleke mtu WhatsApp. Malipo yanahitaji kadi. Kama huna ya benki, kampuni kadhaa za simu hutoa kadi ya mtandaoni kupitia menyu ya pesa.

Kisha uliza kila mteja mpya: "Samahani, umetupata wapi?" Andika kwenye daftari. Tuseme umelipa 20,000 na waliotoka kwenye tangazo wakanunua ni watano, faida yako kwa jozi ni 8,000. Umeingiza faida ya 40,000, toa gharama ya tangazo unabaki na 20,000. Wangenunua wawili tu, ungekuwa umepoteza 4,000, na picha au maneno yanahitaji kubadilishwa. Idadi ya waliopenda picha haimo kwenye hesabu hii.

Linda akaunti

WhatsApp ina uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya siri ya tarakimu sita unayoichagua mwenyewe. Iwashe leo. Tapeli hukuandikia kwa akaunti ya rafiki aliyekwisha kuibiwa: "Kuna kodi nimeituma kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie." Kodi hiyo, yaani namba za uthibitisho zilizoingia kwa meseji, ndiyo ufunguo wa akaunti yako, usimpe yeyote, wala anayejitambulisha kuwa ni huduma kwa wateja. Kwa Instagram, jihadhari na ujumbe unaodai umevunja haki ya picha na ukurasa utafungwa usipobonyeza kiungo. Kwa Tanzania, meseji za kitapeli zitume kwenda 15040 pamoja na namba iliyozituma.

Picha za wateja ziombe kabla ya kuziweka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na namba za simu, anwani na sura za watu ulizonazo zinaguswa nayo. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Neno moja la "naomba niweke picha yako" linatosha, na ukihifadhi jibu lake umejikinga.

Baada ya mauzo

Siku mbili baada ya mteja kupokea, muulize kama saizi imemkaa. Mhifadhi kwenye simu kwa jina, saizi na mkoa, kama "Mama fulani 38 Mwanza". Mzigo mpya wa namba 38 ukiingia, unajua umwandikie nani kabla hata ya kuweka stetasi.

Akilalamika hadharani, usifute maoni yake wala usimzuie. Mjibu palepale kwa upole, "Pole sana dada, nakupigia sasa hivi tulimalize," kisha mpigie kweli. Mkishamaliza, rudi uandike chini yake kilichofanyika. Wanaosoma maoni hayo wanataka kujua jambo moja, kitu kikiharibika utafanya nini. Kwa hiyo amua mapema na uandike kwenye katalogi: mshono ukifunguka ndani ya mwezi mmoja unashonwa bure, saizi isiyokaa inabadilishwa kama haijavaliwa nje, na nauli ya kurudisha analipa nani.